Pua ya Kiatu cha Mama Kifungo

Miaka ishirini na sita ya mwanzo ya maisha yake, Fundi Kisigino hakwenda popote. Hakuwa mgonjwa wala mfungwa. Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha karakana ya viatu ya mjomba wake, akakua akichezea vipande vya ngozi, na macho ya mjomba yalipochoka akarithi benchi. Kutoka kitandani mpaka kwenye benchi zilikuwa hatua sita. Kutoka kwenye benchi mpaka bombani, kumi na moja. Shule aliyosoma ilikuwa ng'ambo ya barabara, na duka la sukari na sabuni lilipakana nao ukuta. Mtu aliyewatengenezea viatu nusu ya mji, mwenyewe alizunguka palepale kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Karakana ilikuwa ndefu na nyembamba, yenye dirisha moja tu upande wa barabarani. Chini ya dirisha palikuwa na benchi, na juu ya benchi ule mguu wa chuma, umesimama wayo ukitazama dari, tayari kuvishwa kiatu cha yeyote. Kando yake mkebe wa misumari, tupa, kopo la gundi, na nyuzi zilizopakwa nta zikining'inia kama sharubu.

Kila kiatu kilichoingia humo, fundi alikipindua tumbo juu, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama kimya. Ndivyo mjomba alivyomfundisha: usimuulize mteja kiatu kina nini, kisome kwanza. "Wewe unabeba mzigo bega la kushoto," angesema. Au, "Mama, unasimama sana, na unaegemea upande mmoja." Watu walishika vichwa. Wengine walimwambia ana pepo. Yeye alicheka tu, akachukua nyundo.

Siku moja akaja msichana mmoja, dobi wa hospitali, aliyekuwa akifua mashuka katika chumba cha mvuke. Akatoa viatu kwenye mfuko, akaviweka juu ya benchi. Fundi akavipindua, na macho yakamtoka pima.

"Dada, hizi soli nilizipiga mimi?"

"Wewe mwenyewe. Kwa mikono yako hiyohiyo."

"Wiki tisa tu! Unakula soli?"

"Natembea."

"Hata mimi natembea, kila mtu anatembea."

Msichana akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, miguuni akakaa zaidi. "Unatembea kutoka wapi kwenda wapi?"

Fundi akafungua mdomo. Hatua sita, hatua kumi na moja. Akaufunga.

"Mimi nikitoka kazini," msichana akasema, "napanda kwenye matangi ya maji, kule juu kilimani. Nakaa kidogo, ndiyo narudi nyumbani."

"Unafuata nini huko?"

"Siku nzima niko ndani ya mvuke, kaka. Nataka kuona hewa inakoanzia."

Fundi alijua anadanganywa. Huko kwenye matangi walipanda mafundi wa bomba tu, tena kwa kulazimishwa. Lakini zile soli zilimnyima raha. Zilikuwa zimeliwa sawasawa, kisigino kidogo upande wa nje, kisha katikati, kisha chini ya kidole gumba; safi, bila kuburuta, bila kupinda. Alikuwa hajawahi kusoma mwendo wa namna hiyo. Jumapili iliyofuata akafunga mlango, akaenda kuhakikisha.

Aibu yake ni kwamba fundi viatu mzima hakuwa na viatu vya kutembelea. Akavaa jozi ambayo mteja aliisahau mwaka juzi, ikiwa inambana nusu kidole. Alipofika darajani, malengelenge mawili. Alipofika kwenye ngazi za kilima, matano. Ngazi zilikuwa za saruji, mia mbili na kumi. Alizihesabu kwa sababu kila moja ilimuuma peke yake. Juu kabisa akamkuta yule dobi amekaa chini ya ukuta wa tangi, miguu ameinyoosha, anamenya chungwa.

"Umechelewa," akasema, kana kwamba walikuwa na miadi.

Fundi alikuwa ameshageuka kutazama chini.

Hakuwahi kujua kwamba mji una umbo. Aliujua kama dirisha, kama vipande vya watu wanaopita, goti hadi unyayo. Sasa aliuona mzima umelala, na barabara zake zikiingiliana kama nyuzi za kushonea, na katikati ya mapaa yote akatambua paa lake kwa lile bati jekundu, dogo kama kifuniko cha mkebe wa misumari. Ndani ya kile kifuniko alikuwa ameishi miaka ishirini na sita! Nyuma yake maji yalinguruma ndani ya tangi, taratibu, kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Na huko barabarani vilikuwa vinatembea vitu vidogo vyeusi, mamia, na akakumbuka kwamba wengi wao wana kazi ya mikono yake chini ya nyayo. Alipiga misumari ile akidhani anatengeneza viatu. Kumbe muda wote alikuwa anatuma watu mahali.

"Unalia?" msichana akauliza.

"Malengelenge," fundi akasema.

Msichana akamkatia nusu ya chungwa. Mwaka haukuisha wakaoana.

*

Walitembea kila Jumapili asubuhi, jua likiwa bado halijakolea, na siku nyingine za wiki kila walipopata nafasi. Mtoto alipozaliwa walimbeba mgongoni kwa zamu. Binti yao huyo alipokuwa na mwaka mmoja na nusu alimeza kifungo cha kiatu, kikakaa tumboni siku tatu kisha kikatoka salama salimini, na tangu hapo mtaa mzima ukamwita Kifungo, na mama yake akawa Mama Kifungo.

Kifungo alikuwa mtoto wa kulalamika. Kila baada ya nyumba tatu: "Bado mbali? Bado mbali?" Baba yake akatunga sheria: atakayeuliza kama bado mbali, atabeba mfuko wa machungwa mpaka juu. Kifungo aliubeba miaka yote ya utotoni. Alipofika kidato cha pili akaona haya kuonekana na wazazi wanaotembea bila kuwa na waendako, akaacha. Hawakumlazimisha. Mama yake alisema, "Muache. Miguu imeshajua njia, itamrudisha." Na kweli, alipokuwa na miaka ishirini na mbili alikuja Jumapili moja macho mekundu, hakusema amegombana na nani, akauchukua mfuko bila kuuliza chochote, wakapanda wote watatu kimya. Walipofika juu alikuwa anacheka.

Alipomleta mchumba, dereva wa lori, baba alisema, "Lete viatu vyake kwanza." Akavisoma. Akaviweka chini kwa masikitiko. "Mwanangu, huyu mguu wa kulia ndio unaofanya kazi. Wa kushoto ni abiria."

"Baba!"

"Namkubali. Lakini mfundishe kutembea."

Dereva alifundishwa. Alihema kama lori lake kwenye mlima, lakini alifundishwa, na walipopata binti, mtoto huyo alianza kuruka kabla hajatembea vizuri, wakamwita Kiroboto.

Ndivyo mambo yalivyokwenda, miaka thelathini na miwili. Na kwa muda wote huo fundi hakuzoea. Hilo ndilo lililomshangaza mwenyewe. Kila alipofika juu na kugeuka, moyo ulimpiga paa, kana kwamba mji umetandazwa asubuhi hiyo hiyo.

*

Mwaka mmoja, kabla mvua hazijaanza, alimwona Mama Kifungo amekaa kitandani anakitazama kiatu chake cha kulia. Ile ncha ya mbele, ambayo fundi huiita pua, ilikuwa imechubuka.

"Lete," akasema. Akabandika kipande kipya, akapaka rangi, kikawa kama si chenyewe.

Baada ya wiki tano, pua ileile. Akalaumu ngozi. Akabandika. Mara ya tatu akalaumu gundi, akamtukana aliyeiuza. Mara ya nne akachukua raba ngumu ya tairi, akaishona kwa uzi mara mbili, akaipaka rangi mpaka ikang'aa. "Hii haitoki hata ukipiga mateke ukuta," akasema kwa majivuno. Mama Kifungo akacheka, akakivaa, akaenda kuwasha jiko.

Mtu ambaye aliwaambia wageni wanabeba mzigo bega gani, hakukipeleka kiatu cha mkewe dirishani hata mara moja. Cha nyumbani alikitengeneza tu, mbiombio, kati ya kazi za watu.

Jumapili ya mwisho ya mwezi uliofuata, kwenye ngazi ya kumi na tisa ya kilima, mguu wa kulia wa Mama Kifungo haukuinuka. Akaanguka kwa mbele, na alipojaribu kusema kitu, maneno yalitoka yamelegea kama uzi usio na nta.

Hospitali ilikuwa ileile aliyokuwa akiifulia mashuka. Daktari, kijana mpole, alisema ni kiharusi, na kwamba kwa anavyoona hakikuwa cha kwanza. Kulikuwa na vidogo vilivyotangulia. "Huwa vinapita bila mtu kugundua," akasema. "Mlimwona akiburuta mguu siku za nyuma?"

Kifungo akasema hapana. Fundi akaokota kile kiatu cha kulia chini ya kitanda, akakitia kwapani.

Alirudi nyumbani kuchukua nguo za kubadili, akaenda moja kwa moja kwenye kopo la mabaki, maana fundi hatupi kipande. Akavipata: vipande vitatu vya ngozi alivyovibandua kwenye pua ya kile kiatu, na cha nne cha raba alikibandua palepale kwa koleo. Akavipanga dirishani. Vyote vilikuwa vimelika kwa mshazari uleule, kutoka ndani kwenda nje, na kila kimoja kimelika zaidi ya kilichotangulia. Mtoto angeweza kuvisoma. Mguu ulikuwa unamwambia, neno kwa neno, kwa miezi mitano, na yeye kila mara aliuziba mdomo na kuupaka rangi.

Akakaa sakafuni chini ya benchi, alipokuwa akichezea vipande vya ngozi utotoni, na hakuinuka mpaka Kifungo alipokuja kumtafuta.

*

Mama Kifungo alirudishwa nyumbani baada ya wiki mbili. Mkono ulishaanza kurudi, maneno pia. Mguu haukutaka. Mwanamke mmoja wa hospitali, ambaye familia ilimwita Dada wa Mazoezi, alikuja mara mbili kwa wiki. Alisema waziwazi, nje ya mlango, "Mzee, miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye nguvu. Anaweza kutembea tena. Anaweza pia asitembee. Siwezi kukuahidi."

"Nimtengenezee kiatu chenye pua laini?" fundi akauliza. "Ya bati, iteleze. Mguu upite bila kukwama."

"Usithubutu! Ukiusaidia kuburuta, utaburuta mpaka kaburini. Mguu lazima uinuke."

Usiku ule alifikiri. Kesho yake akakata ngozi nyembamba, mbichi, nyeupe kama ndani ya ganda la chungwa. Hakuipaka rangi wala nta. Akashona jozi ya viatu vyepesi, na pua akaiacha ngozi tupu, ambayo hata ukiikwaruza kwa kucha inaonyesha. Akampelekea mkewe kitandani.

"Vibaya hivi," Mama Kifungo akasema polepole. "Vinachafuka... upesi."

"Ndiyo kazi yake. Haviwezi kuficha." Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Mama Kifungo, mimi nilikiona. Kile cha zamani. Nilikiziba mara nne. Kama ningekisoma hata siku moja..."

Mkewe alimtazama, jicho moja likiwa bado limelegea kidogo.

"Na mimi niliusikia," akasema.

"Ulisikia nini?"

"Mguu. Ulikuwa unachelewa. Nikanyamaza." Akapumzika kidogo, akakusanya maneno. "Ungenikataza kupanda."

Fundi akamkodolea macho. Wamelala kitanda kimoja miaka thelathini na miwili, mmoja anaziba, mwingine ananyamaza, na wote wawili kwa ajili ya kilima kilekile.

"Wajinga wawili," akasema.

"Wewe zaidi," Mama Kifungo akasema. "Wewe fundi. Nivishe."

Safari ya kwanza ilikuwa kutoka kitandani mpaka kwenye benchi. Hatua sita. Fundi alishika mkono wa kulia, Kifungo kiuno, na Kiroboto, aliyekuwa na miaka mitatu, alitangulia kinyumenyume kama askari wa barabarani.

"Bibi, inua! Bibi, si hivyo, inua!"

"Mke mwenza... ana kelele," bibi akasema, jasho linamtoka.

Zile hatua sita ziliwachukua muda wa kuchemsha chai. Fundi alizivuka hatua hizo maelfu ya mara, hana hili wala lile. Sasa aliona kila moja. Aliona kisigino kinavyotua, goti linavyopokea, mwili mzima unavyoachiliwa kuanguka mbele na mguu mwingine kuuwahi. Mwanadamu anaanguka na kujidaka, anaanguka na kujidaka, na huku anapiga soga! Nani alibuni kitu kama hicho?

Jioni walikipeleka kiatu dirishani. Pua ilikuwa imekwaruzika vibaya, mistari kumi na zaidi.

"Soma," Mama Kifungo akasema.

"Umeburuta hatua zote."

"Sawa. Kesho."

Ikawa kazi yao ya kila jioni. Fundi hakumdanganya hata siku moja, ingawa zilikuwapo siku alizotamani. Wiki ya tano alisoma, "Umeburuta hatua zote," na Mama Kifungo akakitupa kiatu ukutani, hakuongea mpaka asubuhi. Wiki ya nane, mlangoni. Mwezi wa nne, bombani na kurudi, na pua ikawa imechubuka upande mmoja tu. Kila kiatu kilipochakaa fundi alishona kingine, ngozi ileile nyeupe, na majirani walisema huyu mama sasa anavaa viatu vya bwana harusi.

*

Mwezi wa saba, Jumapili, Mama Kifungo alisema anataka kufika darajani.

Wakatoka wote, hata dereva. Mama Kifungo alishika fimbo mkono wa kushoto na kumshika Kifungo kwa mkono wa kulia. Kiroboto alitangulia, akakumbuka kitu, akarudi, akatangulia tena, hivyo akatembea njia mara tatu. Fundi alijiweka nyuma. Aliwaambia anabeba mfuko wa machungwa, lakini mfuko alikuwa nao dereva. Alikaa nyuma kwa sababu hakutaka mkewe auone uso wake. Kama mguu ungekwama kwenye mawe ya barabarani, zile hatua za ndani zingekuwa bure, na Dada wa Mazoezi alishasema miezi yenye nguvu inakaribia kwisha.

Alikuwa anatazama chini, kwenye visigino vya mkewe. Mguu wa kushoto ukaondoka, na nyuma yake kiatu kikaonyesha tumbo, soli nzima, kwa nukta moja, kama samaki anayegeuka majini. Mguu wa kulia ukaondoka. Na kiatu chake nacho kikaonyesha tumbo.

Fundi akasimama katikati ya barabara. Mwenye baiskeli akampigia kengele, akamtukana, hakusikia. Kiatu kinachoburutwa hakionyeshi soli. Anayefuata nyuma huona kisigino tu. Na yeye alikuwa anaiona soli ya kulia, nyeupe, ikiinuka na kutoweka, ikiinuka na kutoweka, si kila hatua, maana aliona pia mbili zilizokosa, lakini ya tatu ikainuka, na ya nne. Vumbi dogo lilipeperuka chini yake na jua likapita pale katikati, kati ya mguu na ardhi, mahali ambapo kwa miezi kumi na miwili mwanga haukupita.

"Baba! Unabaki?" Kifungo akaita.

"Nakuja."

Darajani Mama Kifungo akakalishwa kwenye ukuta mfupi. Alikuwa anahema, midomo mikavu. Akanyoosha mguu wa kulia.

"Soma."

Fundi akapiga magoti, akamvua kiatu, akakipindua. Kiroboto akasogeza kichwa, kikaziba mwanga.

"Babu anasoma nini? Hakuna herufi."

"Zipo, mchumba. Sogea." Akakigeuza upande huu, akakigeuza upande ule. "Kisigino kimeliwa kidogo, upande wa nje. Katikati, sawa. Chini ya kidole gumba, sawa."

"Na pua?"

Pua ilikuwa na mikwaruzo miwili. Miwili, kutoka nyumbani mpaka darajani. Fundi alitaka kuitaja, lakini machozi yakamtangulia, akabaki amekishika kile kiatu kwa mikono yote miwili, mbele ya watu wanaopita, na dereva wa lori akageuka haraka kutazama mto.

"Malengelenge?" Mama Kifungo akauliza taratibu.

Fundi akatikisa kichwa kukubali.

Mama Kifungo akakaa kidogo, akala nusu ya chungwa, nusu akampa yeye. Kisha akaangalia ng'ambo ya daraja, ambako ngazi za saruji zilianza kupanda na juu yake matangi mawili yamekaa kimya mbele ya anga.

"Nivishe."

"Turudi nyumbani, Mama Kifungo. Leo inatosha."

"Ngazi ya kwanza tu. Niikanyage."

Akavishwa, akainuka, fimbo kushoto, binti kulia. Fundi akaenda naye bega kwa bega safari hii, macho yake mara kwenye mguu, mara kwenye zile ngazi ambazo hazikukaribia upesi, na akajikuta ameropoka.

"Bado mbali?"

Familia nzima ikasimama. Kifungo akaziba mdomo. Dereva akauvua mfuko wa machungwa begani, akamtundikia baba mkwe wake shingoni, na Mama Kifungo akacheka mpaka ikabidi ashikwe, kisha akainua mguu wa kulia.